Barua ya wazi kwa Gavana wa Nakuru kuhusu historia ya Lord Delamere

Mheshimiwa Gavana,

Hugh Cholmondeley, Lord Delamere wa tatu, alifariki mwaka 1931 na kaburi lake liko Soysambu, shamba lake kando ya Ziwa Elmenteita. Mara nyingi husifiwa kuwa ndiye aliyeanzisha kilimo cha kisasa katika Bonde la Ufa. Tunaiomba kaunti isimamishe mabango ya historia Njoro na Elmenteita, nayo yaseme mambo kwa ukamilifu.

Yaanzie Vale Royal, Cheshire, nchini Uingereza. Alirithi cheo na mashamba ya huko mwaka 1887 akiwa na miaka 17, kisha akakopa kwa dhamana ya mashamba hayo ili apate mtaji wa Kenya. Mwaka 1903 serikali ya kikoloni ilimkodishia ekari 100,000 Njoro kwa miaka 99.

Hasara za Njoro zisirukwe. Alileta madume ya kondoo aina ya Ryeland kutoka Uingereza, akayapandisha kwa kondoo wa Kimaasai, akaleta pia majike ya merino, kondoo wa sufu, kutoka New Zealand. Kondoo wakakonda na kufa, malisho yakiwa tele. Udongo wa sehemu hiyo una upungufu wa madini ya kobalti. Vijidudu vya tumboni mwa kondoo na ng'ombe huihitaji kutengeneza vitamini B12. Ikikosekana, mnyama huacha kula, damu hupungua, na hufa majani yakiwa mbele yake. Wataalamu walikuja kuuthibitisha umuhimu wa kobalti miaka ya 1930. Wamaasai, kwa upande wao, walikuwa na desturi ya kupeleka mifugo kwenye magadi ikalambe madini, na ujuzi huo unastahili kuandikwa kwa herufi kubwa kama jina la Lord mwenyewe.

Ng'ombe wake waliuawa na ndigana kali, inayoletwa na kupe, na homa ya mapafu. Ngano ikashambuliwa na kutu, ugonjwa wa kuvu ambao vumbi lake husafiri na upepo. Akajenga maabara shambani, mbegu zikachanganywa hadi zikapatikana zinazostahimili. Lakini kutu hujibadilisha, na mbegu iliyostahimili jana huweza kushindwa kesho. Ndiyo maana kituo cha Njoro cha KALRO, shirika la Kenya la utafiti wa kilimo na mifugo, kinaendelea na kazi hiyo mpaka leo.

Bango la Elmenteita lieleze ardhi ilivyopatikana. Kwa mkataba wa Agosti 1904, uliotiwa saini na Olonana, kiongozi wa Wamaasai, na wazee wengine, Wamaasai waliondolewa Bonde la Ufa, wengi wakapelekwa Laikipia, wakiahidiwa kubaki huko maadamu kabila lao lipo. Mkataba wa 1911 ukawaondoa Laikipia pia. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913, kesi ilitupwa kwa hoja kwamba mikataba ile ilikuwa kati ya dola na dola, hivyo mahakama haikuwa na mamlaka juu yake. Delamere tayari alikuwa katika Baraza la Kutunga Sheria tangu 1907, akiwatetea walowezi, na mwaka 1923 alikwenda London kwa ajili hiyo hiyo. Waraka wa Devonshire, tamko la serikali ya Uingereza la mwaka huo, ukatamka kwamba maslahi ya Waafrika yatangulie.

Tunapendekeza mabango yawe kwa Kiswahili, Kimaasai na Kiingereza. Tarehe ya kukodisha Njoro na za mikataba miwili ziwekwe bega kwa bega, na rasimu isomwe na wazee wa Kimaasai kabla ya kupelekwa kwa mchapaji.