Kupe mliyempiga picha siye anayeua ndama

Mhariri,

Ukurasa wenu wa ufugaji huku kwetu unasomwa mpaka unachanika, ila hii ya juzi imenikera kidogo. Habari ya ndigana kali, ule ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, mmeiandika vizuri tu, homa, mitoki kuvimba chini ya sikio, ndama anapumua kwa shida mpaka anatoa povu puani, yote sawa. Sasa picha! Mmeweka kupe yule mkubwa mwenye madoa ya rangi ya machungwa mgongoni na miguu ya pete pete. Yule ni Amblyomma, yeye analeta maji moyo, ugonjwa mwingine kabisa, na mdomo wake mrefu unaacha vidonda vya kuharibu chuchu. Ndigana kali haleti.

Anayeleta ndigana kali ni kakupe ka kahawia hata hakana urembo, wataalamu wanamwita Rhipicephalus appendiculatus, sisi tunasema kupe wa masikio kwa sababu akikua ndiko anakokaa. Mfugaji akiamini picha yenu atainama kwenye kiwele na mapajani atang'oa wale warembo wote, halafu sikio hataligusa, na ndama anakufa huku anaonekana msafi.

Na hii ya nani anakaa kwa mnyama gani, tena kwa muda gani, si ya maprofesa tu jamani, ndiyo inayopanga ratiba ya josho, yaani kuogesha ng'ombe kwa dawa ya kupe. Kupe wa masikio anapanda wanyama watatu maishani. Anaanza na miguu sita, ananyonya, anadondoka, anajibadilisha kwenye majani anapata miguu minane, anapanda wa pili, anadondoka tena, akishakua anapanda wa tatu. Kile kidudu cha ndigana anakiokota utotoni kwa ng'ombe mmoja au kwa nyati (nyati anakibeba na mara nyingi wala haumwi), anakuja kukishusha kwa ng'ombe mwingine, na kwenye mayai hakipiti. Huyu akishakua ananyonya kama wiki moja anashuka, kwa hiyo ukiogesha kila baada ya wiki tatu wengi wameshakula wakaondoka zao. Kupe wa bluu yeye tofauti kabisa, akipanda amepanda, utoto na utu uzima wake wote uko juu ya ng'ombe huyohuyo, wiki tatu hivi, jike linashuka limevimba kama mbegu ya nyonyo kwenda kutaga. Sasa kama hahami ugonjwa wa kukojoa damu anausambazaje? Anaurithisha kwenye mayai, watoto wanazaliwa nao tayari. Mtu akiniambia "kupe ni kupe" huwa namuuliza hilo.

Halafu kuna yule mwenye miguu myekundu, huyo mpekue chini ya mkia. Watu wengi na pampu ya mgongoni wananyunyiza mgongo na mbavu, ng'ombe anang'aa, sikio kavu na chini ya mkia kavu, halafu wanasema dawa feki. Sikatai dawa feki zipo. Ila huku Tanga tuna pia kupe wa bluu aliyetokea Asia, microplus, anajulikana duniani kwa usugu wa dawa na sehemu nyingi za nchi ameshamsukuma pembeni yule wa bluu wa asili. Kwa macho huwatofautishi, maabara wanahesabu safu za meno mdomoni, wa Asia ana nne kila upande, wa asili tatu.

Papasi wa kwenye nyufa za nyumba za udongo ni ukoo mwingine, kupe laini, hana ngao mgongoni, anakuuma usiku ukiwa umelala na kurudi ukutani, huyo ni shida ya binadamu. Na porini ndo usiseme, kenge ana kupe wake, kobe ana wake, hata kifaru ana wa kwake, na sijui kama kuna anayemwonea huruma huyo mteja wa kifaru siku hizi.

Ombi langu, rudieni ile habari na picha nne kubwa, dume na jike, mwenye njaa na aliyeshiba, maana jike likishiba halifanani tena na lile la jana. Pia waambieni wasomaji wanaotaka kujua kupe wa zizi lao wasivute kwa hasira, mdomo ukibaki kwenye ngozi mtaalamu anakosa cha kusoma. Wamshike karibu na ngozi wavute polepole, wamweke kwenye kichupa cha spiriti pamoja na kikaratasi kilichoandikwa mnyama gani, sehemu gani ya mwili na kijiji gani, wampelekee afisa mifugo. Kikaratasi kiandikwe kwa penseli, wino wa peni unafutika humo ndani.

Mfugaji, Korogwe