Mhandisi aliyefia kifungoni atafutwe pia Nyanda za Juu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wasomaji wa Mbeya, Njombe na Iringa, hasa wale ambao nyumbani kwao bado kuna masanduku ya wazee yasiyofunguliwa kwa miaka mingi. Familia moja ya Ujerumani inatafuta habari za babu wa babu yao, mhandisi aliyesimamia barabara na madaraja kati ya Tukuyu na Iringa enzi za Wajerumani, akakamatwa na Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza na kufia kifungoni. Jina lake silitaji kwa kuwa wenyewe wameomba hivyo. Wamepekua nyaraka za Ulaya tu, na naamini hapo ndipo walipokwama, kwa sababu miaka ya kazi yake ilipita huku kwetu, na waliomwona kila siku ni mababu zetu.

Mei 1916 majeshi ya Jenerali Edward Northey yalivuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yaani Malawi na Zambia za leo, yakaitwaa Neu Langenburg, ndiyo Tukuyu ya leo, na tarehe 29 Agosti mwaka huohuo yakaingia Iringa. Wajerumani kadhaa waliokutwa upande huu, wakiwamo wamisionari wa Moravian wa Rungwe, walipelekwa Blantyre, wakati wenzao waliokamatwa sehemu nyingine za koloni waliishia katika kambi za Misri au Ahmednagar, India. Familia hii imetumia muda mwingi kuulizia India. Kwa mtu aliyekamatwa Nyanda za Juu, mimi ningeanzia Malawi.

Lipo pia suala la raia na askari, ambalo huwapoteza watafutaji wengi. Mhandisi alikuwa raia, lakini vita vilipoanza Agosti 1914 raia wengi wa Kijerumani waliingizwa jeshini, hivyo mtu mmoja anaweza kuwa ameandikwa kama askari mahali pamoja na kama raia mahali pengine. Msalaba Mwekundu mjini Geneva ulifungua ofisi ya habari za wafungwa wa vita mwezi huohuo, na ndani yake kulikuwa na idara ya raia chini ya Dkt. Frédéric Ferrière. Kadi za ofisi hiyo sasa zinasomwa bure mtandaoni, na ni lazima pande zote mbili zipekuliwe. Zaidi ya hayo, kanuni za kimataifa za vita zilizopitishwa Hague mwaka 1907 ziliitaka kila serikali iliyoshika wafungwa iandike kumbukumbu ya kila mmoja, na vitu alivyoacha marehemu, kama barua na vitu vya thamani, vikusanywe na kupelekwa kwa wenyewe. Orodha ya vitu hivyo, ikipatikana, huweza kueleza mengi kuliko cheti cha kifo.

Lakini hayo yote yanahusu kufa kwake. Habari za kuishi kwake ziko huku. Katika nyumba moja wilayani Rungwe nilionyeshwa kipande cha kazi cha enzi hizo, kadi ngumu iliyopigwa mistari ya vyumba 30, kila chumba kimetiwa alama kwa siku moja ya kazi, na chini kuna saini ya msimamizi kwa wino uliogeuka rangi ya kutu. Kadi ya namna hiyo inathibitisha nani alikuwa wapi. Tena ina jina la kibarua, jambo ambalo kwangu lina uzito uleule, maana waliovunja na kubeba mawe ya madaraja yale wana wajukuu humu humu mikoani, nao wanastahili kutafutiwa wazee wao kwa bidii ileile.

Anayewauliza wazee asitaje jina la kwenye pasipoti peke yake. Tom von Prince, aliyepigana na Mkwawa, alijulikana na watu kama Bwana Sakarani, na wasimamizi wa barabara nao walipewa majina yao ya huku. Ulizeni kwa kazi na mahali: nani alijenga daraja lile, alilala wapi, alipikiwa na nani. Majibu yalinganishwe na vitabu vya ubatizo na ndoa vya misheni, na magazeti ya wakati ule kama Deutsch-Ostafrikanische Zeitung la Dar es Salaam na Kiongozi la Tanga, kisha na majalada ya Kijerumani yaliyo Nyaraka za Taifa.

Mwenye kipande, barua au picha ya wakati huo namwomba asiitie gundi wala kuiwekea plastiki ya moto. Aipige picha mbele na nyuma, aandike pembeni ni ya nani na imetoka kijiji gani, kisha nakala aipeleke Makumbusho ya Iringa Boma au kwa mtunza kumbukumbu wa kanisa lake, na ile ya asili ibaki kwake.

Mwalimu mstaafu wa historia,
Mbeya