Mwezi Umeandama: Salamu za Iddi kutoka kwa Mpiga Picha Wenu

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wateja wangu, majirani wa Kibokoni, Kuze na Mkanyageni hapa Mombasa, jamaa zetu mlioko Maskati, Dubai na London, na nyinyi wapiga picha wenzangu mnaohangaika na mabegi mabegani: Iddi Mubarak. Taqabbala Allahu minna wa minkum. Mwenyezi Mungu azipokee saumu zetu, sala zetu na sadaka zetu, awarehemu waliotutangulia, awape shifaa wagonjwa wetu, awalipie wenye madeni, na atufikishe Ramadhani nyingine tukiwa wazima wa afya na imani. Amin.

Salamu hizi huziandika kila mwaka usiku wa kuamkia sikukuu, kaimati zikiwa kwenye shira na kanzu za watoto zikingoja pasi. Sitaficha kwamba ni wajibu wa kazi vilevile. Mtu asiye na mwajiri, anayeishi kwa kuitwa, hana budi kuwakumbusha watu kuwa yu hai na kamera yake ni nzima. Lakini mwaka huu kuna ya moyoni pia, na nyinyi si wageni kwangu.

Mwaka ulikuwa mzito. Nani asiyejua? Aliyekwenda Marikiti wiki hii ya mwisho amerudi na kikapu chepesi na moyo mzito. Nazi imekuwa ya kuhesabiwa, na nyumba nyingi mwezi huu tui la tatu limefanya kazi ya tui la kwanza. Tambi, mchele wa biriani, sukari, nyama, kila kitu kina bei ya kukufanya uulize mara ya pili ukidhani hukusikia vizuri. Nguo za watoto ndiyo usiseme. Nimewaona kina mama Biashara Street wakiishika gauni, wakiirudisha, wakiishika tena, mpaka muuzaji anageuza uso kwa kuona haya.

Kwa sisi wa picha za harusi Ramadhani ina ugumu wake. Ndoa zote hukimbizana Shaabani, mwezi ulio kabla ya Ramadhani, usiku kwa usiku, hata mtu hajui alilala wapi, kisha mwezi mzima kimya mpaka Mfungo Mosi, yaani Shawwal, mwezi wa Iddi hii. Kilichopatikana Shaabani ndicho cha futari, daku, kodi ya nyumba na mkono wa Iddi. Na Shaabani hii watu wamepunguza. Waliokuwa wakitaka siku tatu wametaka moja, waliotaka albamu kubwa wametaka "hizo za kwenye flashi tu". Wengine wameniambia waziwazi kwamba mpwa wao ana simu nzuri. Siwalaumu, hali ni ya wote. Ila betri ya kamera haijui kuwa hali ni ngumu, ikifa imekufa, na mpya inauzwa kwa bei inayofuata dola.

Hata hivyo, alhamdulillahi, katika mwaka huu wa dhiki ndimo nilimopiga picha ninazozipenda kuliko zote za nyuma.

Mnajua mambo ya kupamba, ile sherehe ya wanawake watupu ya kumpamba bibi harusi. Simu hukusanywa mlangoni, kila mtu hupewa kijikaratasi cha nambari yake, na mle ndani mwenye kamera ni mmoja tu. Mabuibui yakishavuliwa, nywele zikishaachiwa na dhahabu ikishatolewa kabatini, mimi huwa nimebeba amana ya ukumbi mzima. Kwa miaka mingi kazi yangu mle ilikuwa ile ile ya kila mtu: bibi harusi kwenye kiti, taa za rangi usoni, mashangazi kulia, mawifi kushoto, haya, nyote tazameni huku. Picha safi, wateja wameridhika, pesa zimelipwa. Ukizichanganya na za mwenzangu wa Majengo huwezi kujua zipi zangu.

Shaabani hii bibi harusi mmoja alinijia na shida. Kwao na kwa mumewe hawataki sura yake itoke nje ya nyumba kwa picha ya aina yoyote, na hilo analikubali kwa moyo wake. Lakini bibi yake mzaa mama yuko Maskati, miguu haimbebi tena, na amelia kwenye simu kwamba anataka kuiona harusi ya mjukuu kabla hajafa. Nifanyeje?

Nikamwambia tujaribu. Nikaacha taa ya flashi ndani ya mfuko, nikachukua lenzi moja tu, ile ya milimita 50, nikafungua tundu lake la mwanga mpaka mwisho. Nikamwomba akae ubavuni mwa dirisha la juu, lile la zamani lenye mbao za kupishana, saa ya alasiri, jua linapoingia kwa upande. Mwanga wa ubavuni ndio unaoonyesha piko, ile rangi nyeusi ya kupambia ngozi, jinsi lilivyochorwa. Ule wa mbele hulifuta lote likawa doa. Nikapiga nyayo zake. Nikapiga kisogo na mashada ya asmini, vidole vya shangazi vikihangaika na kifungo cha mkufu, somo yake, yule mama anayemfunda, akimnong'oneza jambo sikioni, yeye akiwa ameinamisha kichwa na mabega yakimtikisika kwa kicheko. Nikapiga viatu vya wageni vilivyorundikana mlangoni, maana rundo la viatu hukueleza ukubwa wa harusi kuliko picha ya ukumbi. Uso hata mmoja hamna.

Picha zile zilichapishwa kwenye karatasi, zikasafiri na mtu mkononi hadi Maskati. Habari iliyorudi ni kwamba yule bibi alimjua mjukuu wake kwa kile kisogo kabla hajaambiwa. "Huyu si ndiye? Ana kisogo cha babake," alisema. Basi nikajua nimepata kitu.

Labda nilikuwa nikikielekea tangu zamani. Mamangu alifariki Mfungo Tatu, mwezi wa Hija, siku chache kabla ya Iddi kubwa, na hii ndiyo Iddi ndogo ya kwanza bila yeye. Tangu aliporudi Hija alikataa kupigwa picha. Mimi, mwanawe mwenye kamera mbili, alinikatalia kama alivyomkatalia kila mtu, na siku aliponihurumia alisema, "Haya, piga mikono, uso niachie mwenyewe." Nikaipiga picha mikono yake ikisuka ukili wa mkeka. Alipoondoka, ndugu wa mbali wakaniomba picha yake nzuri, wakidhani kwa mpiga picha hazikosi. Hakuna. Kuna ile ya kitambulisho, ambayo kila mmoja wetu anajua inavyomfanya mtu afanane na mshukiwa, na kuna mikono. Niliwapelekea mikono. Mmoja hakuridhika, akasema hiyo si picha ya mtu. Kwangu mimi yeye yumo mle mzima, na pete yake ya fedha, na kovu la sufuria ya mahamri.

Usiku huu jikoni hamna wa kuniambia shira imekaza mno. Imekaza kweli. Tuendelee.

Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, nilikuwa Lamu kwenye Maulidi ya Riyadha, msikiti wa Habib Swaleh. Hakuna aliyenituma wala kunilipa, nilikwenda kwa nauli yangu kwa kuwa nilitaka kujifunza. Wapiga picha huwa wengi siku ile ya zefe, maandamano ya kasida na ngoma za matari, wageni na wenyeji, wote wamejipanga mbele wakirudi nyuma kinyumenyume huku wakipiga, na wote hurudi na picha moja: safu ya kanzu nyeupe, matari juu, bahari pembeni. Mimi mwanamke nafasi ya kule mbele si yangu, na sikuigombania. Nilikaa tulikokaa wanawake, nikapiga kinachoonekana kutoka huko: migongo ya kanzu iliyoloa jasho, mtoto aliyebebwa begani akitazama nyuma, vikongwe kwenye madaka wakiitikia kasida kwa midomo bila sauti. Kabla ya hapo nilikuta vijana wameota moto, si kwa baridi, bali wanayapasha matari ngozi zikaze. Pale nilikaa mpaka moshi ukaniingia machoni. Hizo za moshi ndizo bora katika safari yote, na sijaziuza hata moja. Ukutani kwangu zinapendeza.

Lamu ndiko alikokuwa marehemu Omar Said Bakor na studio yake, mtu aliyekuwa akizikata picha kwa makasi na kuziunga upya mpaka zikawa kitu ambacho macho hayajawahi kukiona. Na huku kwetu, wa rika langu mnavikumbuka vibanda vya picha vya feri ya Likoni miaka ya 1990, mapazia yaliyochorwa meli na ndege na Makka, watu na nguo zao za Iddi au za Krismasi wakipanga foleni. Wale wazee hawakuwa na programu ya kompyuta wala lenzi ya bei ya gari. Walikuwa na ubunifu na subira. Sisi tuna kila kitu, tunapiga mapicha elfu, tunampa mteja lundo achague mwenyewe, kisha tunaiita kazi. Mimi nimeacha. Siku hizi natoa chache, na ninajua kila moja nimeitoa kwa sababu gani. Wapo wateja waliolalamika. Wapo waliokuja kushukuru.

Na sasa jambo lililoniuma. Mwezi huu mtukufu niliitwa na kikundi kimoja, sitakitaja, kupiga picha za ugawaji wa vyakula vya futari. Nilipewa maagizo: kila anayepokea asimame, ashike mfuko kifuani jina la wafadhili lionekane, aangalie kamera, acheke kidogo. Wa nne au wa tano alikuwa ajuza wa makamo ya mamangu. Alipoiona kamera alivuta mtandio wake ukamfunika hadi machoni, mkono mmoja umeshika unga, mkono mwingine umeshika uso. Nikaishusha kamera. Nikamwita msimamizi pembeni nikamwambia hivi siwezi. Akasema wafadhili wanataka ushahidi. Ushahidi? Nikampigia lori likishusha magunia. Nikapiga daftari la majina na vidole gumba vyenye wino vikigandamizwa mstari kwa mstari. Nikapiga mikono ikipokea. Kuna ushahidi gani zaidi ya kidole gumba cha mtu? Walinilipa nusu na hawajaniita tena. Riziki ni ya Mungu.

Ndugu zangu, tuambiane ukweli maana ndiyo siku zake. Sura ya Al-Baqara aya ya 271 inatuambia kuwa tukizidhihirisha sadaka ni vizuri, na tukizificha tukawapa mafakiri ni kheri kwetu zaidi. Na Mtume, rehma na amani zimshukie, amemtaja miongoni mwa watakaokuwa chini ya kivuli siku isiyo na kivuli isipokuwa chake Mola, yule aliyetoa sadaka akaificha hata mkono wake wa kushoto usijue ulichotoa wa kulia. Sisi leo mkono wa kulia unatoa na wa kushoto umeshika simu! Tunampa mtu kilo mbili za unga, tunamchukulia uso wake, tunautembeza mitaani na ng'ambo. Ana watoto yule. Ana wakwe. Kesho mjukuu wake ataonyeshwa shuleni: bibi yako huyu hapa. Unga umeliwa siku mbili, picha haifi.

Na kama aya na hadithi hazitoshi, basi kuna sheria ya nchi yetu ya Kenya. Picha ya mtu ni data yake, iko kwenye Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja ikatozwa 4,550,000 kwa picha za wanafunzi wasio na idhini ya wazazi. Wenzangu wa kazi hii, tuyajue haya. Tuandikiane na wateja. Tuulize kabla, si baada. Anayesema usinipige, usimpige. Na nyinyi dada zangu mnaoficha simu ya pili kwenye pochi ukumbini, mkaurusha uso wa mwana wa watu kwa vicheko vitatu na vidole gumba vya mtandaoni, mcheni Mungu. Nyumba zimevunjika mjini hapa kwa picha ya kupamba iliyovuja. Talaka zimetoka. Kina baba nanyi, mkiwapeleka watoto uwanja wa Makadara kesho, wapigeni picha muwezavyo, ni wenu, furaha yao ni haki yao, lakini mtoto wa jirani aliyeingia kwenye picha ana mzazi wake. Na chapisheni! Chapisheni picha moja ya kila mzee wenu aliyeridhia, iwekeni ukutani au ndani ya msahafu, kwa sababu simu huibiwa, huanguka baharini kwenye feri, na mzee hangoji mpaka ununue nyingine. Tuamkiane, tusameheane, tuwatembelee wagonjwa, tuwakumbuke mayatima, na anayemdai mwenzake apunguze sauti walau siku hizi tatu.

Nimesema mengi. Niliowatolea maneno mwaka huu, niliowacheleweshea picha, niliowapandishia sauti siku ya harusi taa zilipokatika, naomba radhi zenu, nami nimewasamehe wote hata msioniomba.

Iddi pili baada ya alasiri nitakuwa Makadara na mashine ndogo ya kuchapisha. Picha ya familia kwa bei ya sikukuu, unaondoka nayo mkononi, na nakala sibaki nayo usipotaka. Nafasi za harusi za Mfungo Mosi zimebaki chache, za Mfungo Pili bado zipo. Albamu za Shaabani ziko tayari zote, isipokuwa ya mama mmoja wa Kuze ambaye anajijua, hajamaliza kulipa, na akiniletea sinia ya mkate wa mayai nitamhesabia kama malipo ya mwisho.

Kulla aam wa antum bikheir. Iddi njema kwenu nyote, wa karibu na wa mbali.