Mwanangu, nimejibu list yako ya muvi bora, na namba moja ni baiskeli

Mwanangu kipenzi,

Assalaam alaykum. Huku Tanga wote wazima, bibi yako magoti yanamsumbua kidogo ila anakula vizuri na anakusalimia sana. Ile list yako ya muvi kumi bora za dunia niliipata tangu Alhamisi, nimeisoma kama mara tatu, nikataka nikujibu kwa voice note nikaona hapana, haya mambo yanataka kuandikwa, kwa hiyo tulia usome mpaka mwisho hata kama ni ndefu.

Nimefurahi mno umeniuliza mimi. Watu wanavyoniona na vitumbua vyangu asubuhi hawajui kwamba kuna wakati pale Ngamiani ukitaka habari ya picha unaambiwa nenda kwa yule mama wa kanda. Miaka 14, toka 1993 mpaka 2007, nimekodisha kanda za video, nimesafisha hedi za deki kwa spiriti na kitambaa, nimeunga kanda zilizokatika kwa selotepu usiku umeme ukirudi, na wewe umelala chini ya kaunta kwenye boksi la TV. Kwa hiyo ukisema muvi bora za dunia, unanigusa mahali pangu.

List yako nimeielewa. Shawshank ya kwanza, Dark Knight ya pili, halafu Inception, Interstellar, Avengers na wenzake, 3 Idiots umeibana namba tisa huko. Zote kumi za kuanzia 1990 kuja huku, hakuna hata moja ambayo haina rangi, yaani kama vile kabla ya hapo watu walikuwa wamekaa gizani wanasubiri. Sikugombezi, umezaliwa 2001, unapanga ulivyoviona. Lakini Shawshank nakubaliana na wewe ibaki kwenye kumi, na nikwambie kitu ambacho labda hukijui: ilipotoka 1994 kwenye majumba ya sinema ilianguka, hela haikurudi, iliyoifufua ni kanda. Mwaka 1995 huko Marekani ilikuwa miongoni mwa kanda zilizokodishwa sana, watu wanaipeleka nyumbani wanawaambia majirani, ikapanda hivyo hivyo mpaka leo dunia nzima wanaitaja. Watu wa kazi yangu ndo waliifanyia hivyo, na mimi hilo linanifurahisha kila nikilikumbuka.

Sasa mimi nimepangaje. Dukani kwangu mtu akirudisha kanda huwa namuuliza, enhe, vipi picha? Wengi wanakusimulia picha, steringi kafanya hivi, adui kapigwa vile, kwa Commando na za Bruce Lee ilikuwa hivyo siku zote na hakuna ubaya, wanatoka wamefurahi. Ila kuna picha chache mtu anasimama pale kaunta anaanza kusimulia ya kwao. Hata haitaji picha tena. Anakwambia habari ya baba yake, ya shamba lao, ya mume, na foleni nyuma yake imenuna. Hizo ndo nilikuwa naziwekea alama ya biki nyekundu kwenye daftari langu, na kipimo changu mpaka leo ni hicho hicho.

Alama nyekundu nyingi kuliko zote zilikuwa za Mother India, ya mwaka 1957, ya Mehboob Khan. Yule mama, Radha, mume kapondwa mikono na jiwe akaondoka kwa aibu, kamuachia watoto na deni la yule mkopeshaji Sukhilala ambaye hesabu zake haziishi, mafuriko yanakuja, ng'ombe hakuna, anajifunga jembe begani analima mwenyewe kama maksai. Kulikuwa na mama mmoja muuza samaki aliichukua siku moja akakaa nayo wiki nzima, alipoirudisha akalipa faini bila kubisha, akaniambia ile picha ya mkopeshaji ni ya baba mkwe wangu mimi. Akakaa saa zima. Na mwisho wake unaujua, mwanawe Birju amekuwa jambazi, amembeba binti wa watu siku ya harusi, na ni mama'ke mwenyewe anayempiga risasi halafu anamkumbatia. Mimi nimezaa na sijui ningefanya nini, na kila nikiiangalia nabadilisha jibu. Nargis aliyecheza Radha na huyo Sunil Dutt aliyecheza mwanawe wamezaliwa mwaka mmoja, 1929, lakini ukimtazama usoni mwisho pale humuoni msichana hata kidogo, na mwaka uliofuata wakaoana kweli. Hiyo ni namba mbili yangu, na kwa miaka yote ilikuwa namba moja mpaka mwezi uliopita. Nitafika huko.

Ya tatu ni Seven Samurai ya Wajapani, Kurosawa, 1954. Ni ndefu, karibu saa tatu na nusu, na ukiiona nyeusi na nyeupe najua utataka kuruka, usiruke. Wanakijiji wanaibiwa mpunga kila mavuno, wanaamua kukodi wapiganaji, na hawana cha kuwalipa zaidi ya wali. Wali tu! Basi wakapatikana saba, na vita ya mwisho inapiganwa kwenye mvua na matope mpaka hujui nani ni nani. Halafu fuatilia ilivyosafiri: Wamarekani wakaichukua 1960 wakaivalisha kofia za kikauboi ikawa The Magnificent Seven, halafu 1975 Wahindi wakatoa Sholay, kijiji kinaonewa, mzee aliyekatwa mikono anakodi watu wawili kupambana na Gabbar Singh. Mbegu ni ile ile, imeota kwenye ardhi tatu. Ndo maana we ukinipangia za action pekee yake, za kizamani pekee yake, mi naona unakata mti unaniletea majani.

Sholay nimeiona bado msichana mdogo huko Unguja, Cine Afrique pale Malindi, shangazi kanishika mkono kwa nguvu nisipotee kwenye fujo za getini. Unajua sisi tumekua na sheria moja, steringi hafi. Sasa Jai, mmoja wa wale wawili waliokodiwa, anakufa. Ukumbi mzima watu wanasimama, kuna mzee nyuma anapiga kelele hapana, hapana, kama vile atasikilizwa. Na ile sarafu aliyokuwa anarusha tangu mwanzo kila wakiamua jambo, Veeru mwenzake anaiokota anaigeuza, kumbe pande zote mbili ni sawa, rafiki yake alikuwa anachagua njia ya hatari kila mara kwa makusudi. Shangazi alilia mpaka tunafika nyumbani. Kule Mumbai ilikaa kwenye jumba moja, Minerva, zaidi ya miaka 5 mfululizo. Kwangu ni ya tano.

Nimeiruka ya nne kwa sababu ina maelezo. Dada'ko alinitafutia list za mabingwa, kuna jarida la Uingereza linaitwa Sight and Sound, toka 1952 kila baada ya miaka 10 wanawauliza wajuzi picha ipi bora duniani. Citizen Kane ya Orson Welles ilishika namba moja mara 5 mfululizo, 1962 mpaka 2002. 2012 ikatolewa na Vertigo ya Hitchcock. Halafu 2022 wakaulizwa watu zaidi ya 1,600 na ikashinda picha iliyoongozwa na mwanamke kwa mara ya kwanza, Jeanne Dielman, ya 1975, ya Chantal Akerman wa Ubelgiji, na alikuwa na miaka 25 tu. Citizen Kane nimeiangalia, ni kazi kubwa haswa na nimeiheshimu, lakini sijasikia hamu ya kumsimulia mtu chochote cha kwangu. Ila hii Jeanne Dielman! Saa tatu na dakika kama ishirini, mama mjane na mwanawe wa kiume, anatandika kitanda, anaosha vyombo, anamenya viazi, kamera imesimama tu inamtazama. Dada'ko alilala. Mimi nilikaa kitako sikutikisika. Siku ya pili viazi vinamharibikia jikoni, anabeba sufuria anazunguka nalo nyumba nzima hajui aliweke wapi, na mwili wangu wote ukajua kuna jambo baya linakuja, kwa viazi tu, hakuna muziki wala nini. Nimeishi maisha yale ya kuhesabu sufuria na njiti za kiberiti, na sikuwahi kufikiri kuna mtu angeona yanafaa kuwekwa kwenye sinema. Ya nne.

Zilizobaki nizitaje haraka. Ya sita City Lights ya Chaplin, 1931, maana kanda za Chaplin hazikuhitaji Lufufu, yule mtafsiri wa muvi, atutafsirie, mtoto na mzee wanacheka pamoja, na pale mwisho yule binti muuza maua anamtambua kwa kumgusa mkono, wanalia pamoja. Ya saba La Noire de... ya Ousmane Sembène wa Senegal, 1966, ni kama saa moja tu, binti anaitwa Diouana anapelekwa Ufaransa kufanya kazi za ndani akidhani atalea watoto na kuona nchi, anafungiwa kwenye fleti. Kila binti wa mtaani kwetu anayepakia sanduku kwenda Oman ningependa aione kwanza, yeye na mama'ke. Ya nane The Godfather, 1972. Ya tisa Psycho, 1960, ambayo wanamuua steringi hata nusu ya picha haijafika, na damu yenyewe ni chokoleti ya maji. Ya kumi Shawshank yako. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji nimeiacha mlangoni, ni changa bado, ya 2021, lakini kwa jinsi ilivyokichukua kile kitabu cha Adam Shafi nadhani itaingia.

Sasa namba moja. Bicycle Thieves, ya Italia, 1948, Vittorio De Sica. Dukani sikuwahi kuwa nayo. Nimeona kwenye list ya wale mabingwa kwamba 1952, mara ya kwanza kabisa kupiga kura, ndo iliyoshinda, na 2022 haimo hata kwenye ishirini, nikasema ngoja nione iliwakosea nini. Nikaiangalia kwa simu, bando la usiku, bibi yako anakoroma.

Baba kapata kazi ya kubandika mabango mjini Roma baada ya vita, kazi inataka baiskeli, na baiskeli imewekwa rehani. Mkewe anavua shuka za kitandani, za harusi yake, anazipeleka rehani ili waikomboe. Tazama pale: yule karani anachukua bunda la shuka anapanda nalo juu ya rafu, anapanda, anapanda, na kumbe rafu zote mpaka darini zimejaa shuka za watu wengine. Siku ya kwanza kazini baiskeli inaibwa. Jumapili nzima baba na mwanawe mdogo, Bruno, wanaitafuta mji mzima kwa miguu. Huyo baba, Lamberto Maggiorani, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, hakuwa mwigizaji, kuna tajiri wa Hollywood alitaka kutoa hela ili Cary Grant awe steringi, De Sica akakataa, na ukiziona zile hatua zake utajua kwa nini. Mwisho baba anashindwa, anaiba na yeye, anakamatwa, anapigwa kofi mbele ya mtoto, kofia inaanguka. Bruno anaiokota, anaipangusa vumbi, anampa. Halafu anamshika mkono.

Nilizima simu.

Mwanangu, sijui kama unaikumbuka ile siku ya 2007, hatujawahi kuisema. Nilikuwa nimekopa ili nihame kutoka kanda kwenda sidii, na sidii za bei chee zikajaa mjini kabla sijarudisha hata nusu. Yule aliyenikopesha akaja na vijana wawili na mkokoteni, wakabeba TV, wakabeba deki zote mbili. Nilimshika mkono nikimbembeleza anipe wiki moja, akanisukuma nikakaa chini pale mlangoni, watu wanatazama. Nikainua kichwa nikakuona, umetoka chuoni, kofia yako kichwani na juzuu kifuani. Miaka sita. Siku zote nilikuwa nakwambia duka lote hili la mama. Hukulia. Ulikuja ukaokota kandambili yangu iliyoruka kule barabarani, ukaigonga gonga vumbi kwenye kanzu yako, ukaiweka karibu na mguu wangu, ukakaa pembeni yangu kwenye kizingiti mpaka mkokoteni ukakata kona.

Nilidhani ile ni aibu yangu peke yangu, nimeibeba miaka yote hii. Kumbe mtu huko Italia alishaiona, miaka 20 kabla mimi sijazaliwa, na akaiweka wazi watu waione.

Ndo hivyo imeshika namba moja, na mpangilio wenyewe unaweza kunibishia wote isipokuwa hapo. Iangalie, ni kama saa moja na nusu tu, maandishi ya Kiingereza yapo chini. Halafu niandikie ipi unaitoa kwenye kumi zako ili hii ikae, usiseme utaongeza ziwe kumi na moja. Ukija Idi uje nayo kwenye flashi pamoja na Mother India, bibi yako anataka aione tena, nitaazima TV kubwa kwa jirani.

Mama'ko