Kwa mpwa wangu, uliyekaa mwaka kusubiri JEE, mtihani wa kuingia vyuo vya uhandisi India

Mpwa wangu,

Salamu zangu zilipita kwa mama yako, hukujibu. Basi nakuandikia hapa, najua utasoma. Umewaambia watu kuwa mimi ndiye niliyekukalisha nyumbani mwaka mzima. Nilichosema unakijua: kaa ikiwa mtaala uliumaliza na kilichokuangusha ni mazoezi; lakini ikiwa nusu ya sura hukuzigusa, chukua chuo ulichopata. Wewe ukasikia "kaa".

Haya, umeshakaa. JEE Main, hatua ya kwanza, ina vikao viwili, Januari na Aprili, na matokeo yaliyo bora ndiyo yanayohesabiwa. Main unaruhusiwa miaka mitatu mfululizo, lakini Advanced, hatua ya pili ya kuingia IIT, vyuo vikuu vya teknolojia vya India, ni mara mbili tu, tena miaka miwili inayofuatana. Kwa hiyo anayekufariji kwamba "hata mwakani ipo" anakupoteza. Na kuna jambo baba yako halijui, sikutaka kulisema mbele ya wageni: IIT wanataka asilimia 75 kwenye mtihani wa darasa la 12, au uwe ndani ya asilimia 20 ya juu ya waliofaulu katika bodi yako ya mitihani. Wewe una 71. Waulize bodi mapema utaratibu wa kurudia mtihani huo, maana hata ukishika nafasi nzuri kwenye JEE, hapo ndipo utakapokwama.

Sasa ile Jumapili ya mtihani wa majaribio. Nyumba nzima tulinyamaza saa tatu kwa ajili yako, hata wadogo zako walifukuzwa uani. Ukawasilisha, ikaja jumla, 118 kati ya 300, ukafunga kompyuta ukaenda kucheza mpira. Hilo halijanitoka rohoni. Si hiyo 118, mwanangu. Ni kule kuifunga.

Niliifungua mimi. Fizikia, tufe lenye uwazi ndani na ganda jembamba linabingirika kwenye mteremko. Kwenye kipimo cha ugumu wa kulizungusha (M ni tungamo, R ni nusu kipenyo) ukatumia 2/5 MR², ambayo ni ya tufe lililojaa, badala ya 2/3 MR². Hesabu nyingine zote safi kabisa. Na jibu lako lilikuwepo pale kwenye chaguo, likikusubiri, kwa sababu watunzi huchukua makosa yenu ya kawaida wakayaweka kama majibu. Ndiyo maana kukokotoa nusunusu kisha kubonyeza kunakumaliza. Kwa hesabu kavu, chaguo nne, sahihi 4 na kosa kukata 1, anayebahatisha gizani hapati hasara: wastani wake ni robo alama kwa swali. Anayeumia ni aliyekokotoa nusu, akaona namba yake imo, akaibonyeza. Ukiwa umeondoa chaguo mbili kwa hoja, bonyeza. Ukiwa umekokotoa haraka tu, rudi usome swali.

Kwa hiyo daftari la makosa. Kila kosa liandike sababu yake: sikujua, nilijua nikakosea hesabu, nilisoma vibaya, muda uliniishia. Swali lirudie bila kutazama jibu baada ya siku tatu, kisha siku kumi, kisha mwezi. Mtihani wa saa tatu unadai saa nyingine tatu za kuuchambua; usipokuwa nazo, usiufanye. Wenzako wanafanya majaribio kila siku na alama zao haziendi popote.

Maswali 75 kwa dakika 180. Anza na kemia, dakika 40 zikiisha uiache; fizikia 55, hisabati 70, zinabaki 15 za kurudia maswali uliyoyawekea alama. Swali likikushika dakika tatu bila njia, ruka. Wewe huwa unaligombania kwa hasira, kama ulivyofanya na lile la integrali. Sura mpya zote ziishe Novemba. Desemba fanya karatasi za nyuma kwenye skrini, kwa saa zilezile za mtihani: saa tatu asubuhi hadi sita, siku nyingine saa tisa hadi kumi na mbili jioni. Mchana huo wa saa tisa wewe hulala, usinibishie.

Kichwa unacho, sijawahi kusema vinginevyo, na aliyekwambia nilisema ni mwongo. Niliyasema haya yote mwaka jana pia, mama yako ni shahidi, ila yalionekana kama kelele za mjomba.

Fomu ya Januari ikifunguliwa jaza mwenyewe, usimwachie kaka yako. Jina liwe herufi kwa herufi kama kwenye cheti cha darasa la 10. Na yale matokeo ya Jumapili ninayo. Ukiyataka, piga simu.

Mjomba wako