Picha za Mwache zisitawanyike

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niifikishie Kaunti ya Mombasa ombi langu kuhusu maonyesho ya uchoraji yanayoendelea karibu na Mji wa Kale. Kazi zote ni za mtu mmoja, binti aliyelelewa Miritini, na zote amezitoa katika kumbukumbu zake za mikoko ya Mwache, hori ya bahari iliyo karibu na Miritini.

Wenye umri wangu wanaikumbuka mvua ya El Niño ya 1997 na 1998. Maji yaliteremka kutoka bara yamebeba tope, tope likatua Mwache na kuifukia mizizi ambayo mkoko huvutia hewa. Sehemu kubwa ya msitu ule ilikauka. Mchoraji huyu alikuwa mtoto wakati huo, na picha yake kubwa kuliko zote ni ya msitu huo uliokufa: vigogo vya kijivu vimesimama, maji yamejaa, na pembeni mwanamke ameinama anatafuta kaa. Nimewaona watu wazima wakifika mbele ya picha hiyo wakanyamaza.

Mimi iliyonishika ni nyingine, ndogo, ambayo mtu aweza kuipita asiione. Ni dari ya chumba cha nyanya yake. Boriti za mkoko zimepangwa, nyeusi kwa moshi wa miaka, na katikati pana taa ya chemni. Hakuna mtu wala mti. Lakini aliyekulia katika nyumba zetu za mawe na chokaa anajua kwamba mkoko ndio uliobeba dari hizo, na kwamba mtoto mgonjwa aliyelazwa chali huzihesabu boriti hadi usingizi umchukue. Msitu na nyumba, mchoraji ameviona kuwa kitu kimoja. Sijaona mtu mwingine aliyelisema jambo hilo kwa rangi.

Sasa kando ya baadhi ya picha pamebandikwa vidoti vyekundu, maana yake zimekwisha kununuliwa. Nilipouliza, niliambiwa nyingi zitasafirishwa nje ya nchi. Simlaumu mchoraji hata kidogo. Ametoka jasho, na rangi na turubai ni ghali. Auze, apate, achore tena. Wala mnunuzi hana kosa. Kinachoniuma ni kwamba katika wanunuzi hao sisi wenye Mwache hatumo.

Ndani ya Fort Jesus ipo michoro ya merikebu ambayo Wareno waliichora ukutani kwa mkaa na udongo mwekundu. Karne zimepita na bado tunawapeleka wanafunzi kuitazama, na ni sawa tufanye hivyo. Michoro ile ilisalia kwa kuwa ilikuwa ukutani, haikubebeka. Hii ya binti yetu inabebeka, na tusipoichukua wenyewe, wajukuu wetu hawataiona.

Najua nitaambiwa kwamba kaunti ina mzigo wa taka, maji na zahanati. Ni kweli, na mimi mwenyewe huamka alfajiri kungoja maji ya mkokoteni. Hata hivyo Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni pamoja na makumbusho na maktaba. Ni kazi yao kama zilivyo hizo nyingine. Wala sisemi zinunuliwe zote. Picha ya msitu uliokufa na ile ya dari, hizo mbili tu, zikawekwe mahali pa umma ambapo mtoto wa Miritini au Jomvu ataingia bila kulipa.

Ziwekwe pazuri lakini. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na picha ikitundikwa katika ofisi inayovuja hufanya ukungu upesi. Wataalamu wa kuhifadhi vitu vya kale wapo papo hapo mjini, katika Makumbusho ya Taifa, waulizwe.

Maonyesho yanafungwa Jumapili hii. Namwomba afisa wa utamaduni wa kaunti afike kabla ya siku hiyo, aketi na mchoraji, amuulize bei ya picha hizo mbili. Ile ya dari, nilipoondoka, ilikuwa bado haina kidoti.

Mkazi wa Mji wa Kale,
Mombasa