Mjomba, naomba baraza lenu lianze kuuliza

Mjomba, asalaam aleikum. Naandika hapa hadharani badala ya kukupigia simu kwa sababu najua ukiisoma hii utawasomea wenzako pale barazani, na hao pia nawataka, wote, muuza kahawa, madereva wa tuktuk, yule fundi Mkamba wa friji, hata wale wanaokuja kucheza dhumna tu.

Nataka tuzungumze habari ya watu kujiua. Najua ushasema astaghfirullah. Sema, lakini endelea kusoma.

Hapa Mombasa, toka Kisauni mpaka Likoni, kila mtaa una jina ambalo watu wakilitaja washusha sauti. Likitokea, maiti haijaoshwa maneno yashazunguka, ooh imani ilikuwa dhaifu, ooh katupiwa jini, ooh mapenzi hayo, na wenye msiba wako ndani wasikia yote na bado wawapakulia chai hao hao wasemaji. Hitma ikishasomwa, baraza larudi kwenye mpira. Kinachoniuma mjomba ni kuwa maneno tunayo, tena mengi, ila twayatoa mtu akishazikwa.

Yule kijana wa tuktuk mwenye njiwa wamkumbuka. Alikuwa akikaa hapo hapo nanyi kila usiku. Akaacha kucheza dhumna, akawa kikombe cha kahawa akishika mpaka chapoa mkononi, akiulizwa ajibu "niko sawa, nimechoka tu". Halafu akaanza kugawa njiwa wake kwa watoto wa mtaa, njiwa aliokuwa hakuuzii hata umpe pesa ngapi, na watu wakasema mashallah kijana ana moyo wa kutoa. Aliyeshtuka ni yule mama Mgiriama wa viazi karai. Si jamaa yake, dini yao si moja. Akamvuta kando akamuuliza wazi wazi, "Mwanangu, wafikiria kujiua?" Kijana alilia mpaka wa vibanda vya jirani wakageuka. Mama akazima jiko, unga wa viazi ushakorogwa na wateja wamesimama, akakaa naye. Hakumhubiria, hakumwambia jikaze wewe ni mwanamume, alikuwa akiuliza tu, ehe, halafu, halafu ikawaje, na usiku ule hakukubali alale peke yake, asubuhi wakapanda matatu wakaenda hospitali ya Port Reitz kwenye kitengo cha magonjwa ya akili. Yuko hai, bado anaendesha. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia niyaandike haya.

Kuna watakaosema ukimuuliza mtu hivyo ndiyo wamtia wazo. Si kweli. Shirika la Afya Duniani limelisema hili bayana, kumuuliza mtu hakumsukumi kujiua, mara nyingi apata pa kutua mzigo. Na anayedhani haya ni mambo ya wazungu, kila mwaka wafa hivi watu zaidi ya 700,000 duniani, wengi wao kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani kama yetu.

Hofu nyingine ni ya polisi, na hiyo haikutoka hewani. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kifungo mpaka miaka 2, ndiyo maana watu walikuwa wakimficha mgonjwa nyumbani. Januari 2025 Mahakama Kuu ikasema kifungu hicho chaenda kinyume na Katiba. Waambie wenzako, wengi hawajasikia.

Sikuombi semina wala viti vya kukodi. Usiku mmoja baada ya isha, kabla dhumna hazijamwagwa mezani, anza wewe. Kama una siku zako za nyuma zilizokulemea na uko tayari kuzisema, zisemee hapo, maana kijana akimsikia mzee mwenye mvi asema "hata mimi nilifika pabaya" atajua hatachekwa. Mwambie imamu, na ukikutana na yule pasta jirani yenu mwambie pia. Sisi wanawake kwenye chama chetu tushaanza, Mdigo, Mtaita, mama wa Kihindi wa ghorofa ya juu, sote, na wallahi yaliyotoka siku ya kwanza sikuyategemea.

Mtu akikujibu ndiyo, usimwahidi itakuwa siri na usimwache peke yake. Ondoa karibu naye chochote anachoweza kujidhuru nacho, mfuatane hospitali. Ikiwa ni usiku wa manane piga 1199, ni ya Msalaba Mwekundu na ni bure. Wako pia Befrienders Kenya, shirika la kuwasikiliza wenye mawazo ya kujiua, 0722 178 177.

Na anza na yule anayekaa mwisho wa benchi tangu mkewe afariki. Sitamtaja, wamjua. Mmemuombea dua sana, hilo najua, lakini nani amemuuliza analala vipi? Muulize wiki hii mjomba, halafu nitumie voisi uniambie amesema nini, kama mtahitaji mtu wa kwenda naye kliniki mimi nitakuja.